Bafu nalo lastahili rangi ya udongo wetu

Wahenga walinena: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nami nathubutu kuongeza kwamba ukishaingia, usiishie sebuleni ambako mwenyeji amepanga viti na kutandika vitambaa. Omba ruhusa ukanawe mikono. Huko bafuni ndiko utakakojua kama wenye nyumba wanajithamini wenyewe, au wanawathamini wageni tu.

Najua wapo wasomaji watakaoguna. Watasema kwamba nchi ina mambo mazito: karo, uhaba wa walimu, madarasa yanayofurika wanafunzi, ilhali mwandishi huyu anatuletea habari ya rangi ya bafu! Nawaomba subira. Mimi nami niliwahi kuguna hivyo, hadi jambo lenyewe liliponifika mlangoni.

Mwaka 2019, kabla sijastaafu, niliteuliwa katika kamati ndogo ya kusimamia ukarabati wa mabafu ya wasichana katika shule moja ya bweni iliyoko nyanda za juu, ambako nilikuwa nikifunza Kiswahili. Mabafu yenyewe yalikuwa vyumba 12 vidogo vilivyopangwa safu mbili, na kuta zake zilikuwa zimepakwa rangi nzito ya kijivu kutoka sakafuni hadi darini. Kila safu ilikuwa na dirisha moja tu, tena dogo. Mwezi wa Julai, ukungu unaposhuka na kuigubika milima, hata saa nne asubuhi mtu hakuweza kuiona sabuni yake bila taa.

Mlezi wa bweni ndiye aliyetufumbua macho. Alitueleza kwamba wasichana wengi, hasa wale wa kidato cha kwanza, walikuwa wakiamka saa kumi alfajiri na kwenda kuoga nje, nyuma ya tangi la maji, gizani na katika baridi kali, kuliko kuingia katika vyumba vile. Mmoja wao alipoulizwa sababu, alijibu kwa sauti ndogo, "Mwalimu, mle ndani ni kama kuogea kaburini."

Neno hilo lilinikosesha usingizi. Tangi lile lilikuwa hatua chache tu kutoka mahali ambapo ua wa shule ulikuwa umebomoka. Hebu fikiria, mpenzi msomaji, mtoto wa miaka 14 akiwa hana nguo mwilini, gizani, mahali kama hapo! Ndipo nilipofahamu kwamba rangi ya bafu si pambo tu. Yaweza kuwa suala la usalama wa mtoto na la heshima yake.

Kamati ilipokutana, mjumbe mmoja alipendekeza tununue rangi ileile ya kijivu. "Mwenyekiti," akasema, "kijivu hakionyeshi uchafu." Wengi wakatikisa vichwa kukubali. Hoja hiyo ndiyo ninayotaka kuipinga leo, kwa maana si ya kamati yetu peke yake. Ndiyo inayotawala katika shule nyingi, katika nyumba za kupanga, na katika majengo mengi ya umma. Tunapaka kijivu, au tunapaka lami nyeusi hadi kimo cha kiuno, kisha tunajipongeza kwamba tumeshinda uchafu. La hasha! Rangi isiyoonyesha uchafu haiuondoi, huuficha tu. Utelezi wa sabuni, kuvu na utando wa maji machafu hubaki palepale, na anayekuja kuusafisha ukuta hana namna ya kujua mahali pa kuanzia wala mahali pa kumalizia. Chumba ambacho kazi yake ni kuondoa uchafu mwilini hakistahili kupakwa rangi ya kuuhifadhi ukutani.

Mjumbe wa pili alitaka kuta zote ziwe nyeupe zenye kuelekea samawati, kama za hospitali, maana weupe ni alama ya usafi. Pendekezo hili lilikuwa bora kuliko la kwanza. Hata hivyo, lilikuwa na kasoro yake. Katika nyanda za juu, mwezi wa Julai, nuru inayoingia dirishani yenyewe huwa ya kibuluu kwa sababu ya mawingu. Nuru hiyo ikigonga ukuta wenye rangi ya samawati, chumba kizima huonekana kama kimejaa barafu. Sidai kwamba rangi hupasha maji moto. Maji baridi yatabaki baridi hata ukiupaka ukuta rangi ya makaa yanayowaka. Lakini macho nayo yana baridi yake, na mtu anayeingia bafuni akitetemeka hahitaji ukuta wa kumwongezea.

Tulikuwa tumekwama hapo, ndipo mwalimu mwenzetu wa Sayansi Kimu aliposimama akasema, "Jamani, tokeni nje mtazame." Tukatoka. Akatuonyesha udongo mwekundu wa njia iendayo uwanjani, nyasi zilizokauka kando yake, gome la mti wa mkuyu, na mashamba ya chai yaliyotandaa upande wa pili wa bonde. "Rangi zote mnazozitafuta ziko hapa," akasema, "na hakuna mwanafunzi anayeziogopa, kwa sababu amezaliwa akiziona."

Kwa kweli niliona haya. Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa Kiswahili, na jambo alilolisema lilikuwa limelala ndani ya lugha ninayoifunza. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vilivyo vyake vya asili na vinavyopokea viambishi vya ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Ndiyo maana twasema ukuta mweupe na nyumba nyeupe, lakini twasema ukuta wa kijani na nyumba ya kijani. Majina ya rangi nyingine tumeyachukua, ama kutoka lugha nyingine, ama kutoka vitu tunavyoviona na kuvigusa. Kijani ni jani. Manjano ni kile kiungo tunachotia katika mchuzi. Kijivu ni jivu lililobaki mekoni. Kahawia ni kahawa. Zambarau ni tunda la mzambarau, na chungwa na waridi hazihitaji mfasiri. Samawati imetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mbingu. Na mtu ambaye ngozi yake si nyeusi sana wala si nyeupe, twasema ni maji ya kunde, yaani ana rangi ya maji yaliyochemshiwa kunde. Wazee wetu walipotaka kuitaja rangi, walinyoosha kidole kuelekea shambani, mekoni au angani. Kwa nini basi sisi, tunapotaka kuichagua, tunanyoosha kidole kwenye kadi ya dukani pekee?

Mjumbe yule wa kwanza angeweza kunijibu kwamba kijivu nacho ni rangi ya maumbile, maana jivu ni jivu. Ni kweli. Lakini jivu ndilo linalobaki moto ukishazimika. Liacheni sakafuni, kwenye saruji, ambako ndiko kwake. Ukutani tupake vitu vilivyo hai au vinavyolea uhai.

Yapo mambo matatu ambayo mtu anayechagua rangi za namna hii yampasa kuyajua, nami nitayaeleza kwa kuwa najua barua hii itasomwa na walimu na wanafunzi wao.

La kwanza ni nuru. Rangi nzito hufyonza nuru na rangi nyepesi huirudisha chumbani. Kwa hiyo, wekundu wa udongo, ijapokuwa ni rangi yenye joto, ukipakwa kuta zote za chumba kidogo utakifanya kuwa pango. Busara ni kuutumia wekundu huo sehemu ya chini ya ukuta, na juu yake kupaka rangi ya mchanga au ya malai, kisha dari iachwe nyeupe. Ndivyo maumbile yenyewe yalivyopangwa: udongo chini, nyasi katikati, na anga juu. Taa nazo zina neno. Taa ya kelvini 2700 hutoa nuru ya kimanjano kama ya machweo, na ile ya kelvini 6500 hutoa nuru ya kibuluu ambayo huifanya rangi ya kahawia ionekane kama majivu. Wengi hulaumu rangi, kumbe kosa ni la taa. Paka kwanza kipande kimoja cha ukuta, kikubwa kama daftari lililofunguliwa, ukitazame asubuhi, adhuhuri na usiku taa ikiwa imewashwa. Ukiridhika mara zote tatu, nunua ndoo.

La pili ni ngozi ya mtu. Bafu ni chumba ambamo mtu hujitazama. Nuru ikigonga ukuta, hubeba kidogo cha rangi ya ukuta huo na kuitupa usoni mwake. Ukuta wa kijani kikali humfanya mtu mzima wa afya aonekane mgonjwa kiooni. Ukuta wa rangi ya mchanga, wa asali au wa udongo uliochomwa huziamsha ngozi zetu, ziwe nyeusi au za maji ya kunde. Msichana wa miaka 14 ana mengi yanayomwambia kwamba hatoshi. Si lazima ukuta wa bafu nao uwe miongoni mwao. Kijani chema kiko kwenye milango, ambako jicho hukikuta na kupumzika, lakini hakimulikii mtu usoni.

La tatu ni la sayansi, nalo ni zito kuliko yote. Wekundu wa udongo wetu ni kutu: ni madini ya chuma yaliyoungana na oksijeni. Umanjano wa udongo hutokana na chuma hichohicho kikiwa kimeungana na maji pia. Mwanafunzi anaweza kuuthibitisha ukweli huu katika maabara kwa kuuchoma udongo wa manjano hadi maji yake yatoke, naye atauona ukigeuka kuwa mwekundu. Hizi ni miongoni mwa rangi za kale kabisa alizozitumia binadamu. Wamaasai wamejipaka udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta vizazi na vizazi, na akina mama wa magharibi ya Kenya wamezipamba kuta za nyumba zao kwa udongo wa rangi mbalimbali na majivu. Rangi hizi hazichujuki upesi juani, wala haziharibiwi na chokaa.

Sasa linganisha na rangi za dukani. Kwa muda mrefu, rangi kali za manjano, chungwa na nyekundu zilitengenezwa kwa madini ya risasi yaliyochanganywa na kromiamu. Rangi hiyo ikizeeka, hubabuka na kuwa vumbi, na vumbi hilo huishia mikononi na kinywani mwa watoto. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba ubongo wa mtoto ndio unaoumia zaidi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake makuu yako papa hapa Gigiri, Nairobi, linapendekeza rangi isiwe na risasi zaidi ya sehemu 90 kwa kila milioni. Kwa hivyo, anayetaka rangi yenye joto asivutiwe na umanjano unaowaka kama moto wa petroli. Achague ule wa udongo, asome maandishi yaliyo kwenye kopo, amuulize mwenye duka juu ya risasi, na asipopata jibu aende duka jingine. Na asiruhusu mtu yeyote kukwangua rangi kuukuu ya shule bila kulowesha ukuta na kuwaondoa watoto.

Hapa pana tahadhari moja. Nikisema rangi za maumbile, sisemi kwamba Kenya yote ipakwe wekundu wa nyanda za juu. Pwani wana maumbile yao na hekima yao. Mji wa kale wa Lamu, ambao Unesco iliutambua kuwa urithi wa dunia mwaka 2001, ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, na kuta zake zikapakwa chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe hayohayo. Ndani ya mabafu ya nyumba hizo palikuwa na birika la maji, na aghalabu ndani yake waliwekwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Huko Gede, ambako magofu yake nayo yaliingizwa katika orodha hiyo mwaka 2024, mgeni huonyeshwa vyoo na mahali pa kunawia palipojengwa karne nyingi zilizopita. Watu wale hawakuona aibu kukijenga chumba cha maji kwa uangalifu uleule waliokijengea chumba cha kulala. Weupe wa chokaa yao ulifaa, kwa sababu joto la pwani hudai ukuta wenye ubaridi, na tena chokaa haipatani na kuvu. Weupe ule ulikuwa wa matumbawe ya bahari yao. Yaani nao walinyoosha kidole palepale walipokuwa wamesimama. Hilo ndilo ninalolitetea.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni anasa, na kwamba fedha hizo zingenunua vitabu. Ningewaunga mkono lau kama tungekuwa tunachagua kati ya rangi na vitabu. Hatukuwa tukichagua hivyo. Fedha za rangi zilikuwa zimekwisha kutengwa, na ukuta ulikuwa lazima upakwe. Ndoo ya rangi ya mchanga haikuwa ghali kuliko ndoo ya kijivu. Uchaguzi wetu ulikuwa kati ya kufikiri na kutofikiri, na kufikiri hakuna bei dukani.

Basi tukafikiri. Kwa kuwa plasta ilikuwa mpya, tuliiacha ikauke kwa siku 28 kabla ya kuipaka rangi ya mafuta, maana saruji mbichi huila rangi hiyo na kuifanya ibabuke. Tukapaka wekundu wa udongo hadi kimo cha mita moja na nusu, juu yake rangi ya mchanga, na milango tukaipaka kijani cha jani la chai. Juu tukaondoa mabati mawili ya kawaida na kuweka yale yapitishayo nuru. Tukabadilisha makomeo yote ya milango.

Sitadanganya kwamba palitokea muujiza. Maji yaliendelea kuwa baridi. Juma la kwanza tu, michirizi myeupe ya sabuni ilionekana wazi juu ya ule wekundu, na yule mjumbe wa kwanza akaniita nikaone. Nikaona, nikafurahi: kwa mara ya kwanza sote tulikuwa tumeuona uchafu. Viranja wakapanga zamu ya kusugua kuta kila Jumamosi. Wala sidai kwamba rangi peke yake ndiyo iliyofanya kazi, kwa maana nuru na makomeo yalisaidia sana. Ninalolijua ni kwamba kabla muhula haujaisha, mlezi wa bweni aliniambia kwamba amezunguka nyuma ya tangi alfajiri siku nyingi mfululizo na hajamkuta mtu.

Kwa nini ninayaandika haya leo? Kwa sababu nimepata habari kwamba rangi ile sasa imechakaa, jambo ambalo si ajabu kwa bafu linalotumiwa kila siku, na kwamba kamati mpya inakusudia kuirejesha ile ya kijivu. Sababu iliyotolewa ni ileile. Nawasihi wanakamati hao, na wengine wote walio na madaraka kama yao popote nchini, wafanye jambo moja dogo kabla ya kusaini hundi. Waingie ndani ya bafu hilo saa kumi na mbili asubuhi, wafunge mlango, wasimame humo kwa dakika tano. Kisha wajiulize kama wangependa binti zao waoge humo miaka yote ya masomo yao shuleni hapo.

Kwa walimu wenzangu nina ombi jingine. Wapeni wanafunzi karatasi, mkatoke nao nje. Waokote udongo, majani makavu, maganda, maua na mawe. Wayataje majina ya rangi hizo kwa Kiswahili, na pale ambapo jina halipo, walibuni kama walivyofanya mababu zao. Mwalimu wa kemia awaeleze habari za chuma na risasi, mwalimu wa fizikia awaeleze habari za nuru, na yule wa Sayansi Kimu awaonyeshe namna ya kuziunganisha. Kisha wao wenyewe ndio waipendekezee kamati rangi ya bafu lao. Nina hakika kwamba hawatachagua kijivu. Na hata wakikichagua, watakuwa wamekichagua wakiwa nje kwenye nuru, baada ya kutazama.